Bima ya Asiyeumwa

Kila alfajiri Mwanapili humeza kidonge chake cha presha kwa chai ya mkandaa iliyolala, ndipo huinama kuwasha moto wa mahamri. Mwaka jana aliwahi kukiruka siku moja tu, akaanguka pale pale uani, mafuta ya moto yakamkosa kidogo. Majirani wa Msambweni ndio waliomwokota. Tangu hapo haruki tena.

Asubuhi hii alimwachia jirani karai akashika njia ya Ukunda kukata bima ya safari. Bintiye Zainabu yuko Ujerumani, ana mimba ya kwanza, na mwezi wenyewe ndio huu. Mumewe, Waziri, hupika hotelini huko. Hutoka jioni akarudi asubuhi. Nani atamkanda mzazi? Nani atamfunga tumbo, amwambie lala, mtoto nitambeba mimi? Mwanapili hakuweza kumfikiria mwanawe akimaliza arobaini peke yake kwenye baridi ile bila kushikwa na kilio. Tikiti Waziri amekwisha kuituma. Imebaki viza, na viza haitoki bila bima.

Ofisini alipokewa na Rispah, msichana wa bara mwenye haraka na moyo mwema.

"Shikamoo, mama. Na afya iko aje?"

"Marahaba, mwanangu. Alhamdulillahi, mzima."

Rispah akaanza kubonyeza kompyuta. Akauliza jina, umri, tarehe ya kuondoka. Karatasi ikatoka kwenye mashine, imeshaandikwa kwamba msafiri hana maradhi yoyote ya kudumu.

Mwanapili aliisoma mara mbili. "Lakini mimi nina presha."

"Mama, si umesema uko mzima?"

"Ile ni salamu, mwanangu!"

Kwetu huku, mtu akiulizwa hali ilhali mguu umevunjika, atasema alhamdulillahi kwanza. Mguu utafuata baadaye. Rispah amekaa Ukunda miaka, lakini hilo bado hajalizoea.

Alishusha pumzi, akaeleza polepole. Bima ni mbili. Hii ya bei ya chini ni ya wasioumwa. Ile nyingine inakubali presha, lakini kwa umri wake bei inapita hata tikiti ya ndege. Mwanapili aliuza cherehani yake juzi, na fedha zile zilitosha hii ya kwanza tu.

"Na nikianguka huko?"

"Ukivunjika mkono, wanalipa. Ikiwa ni presha, hawalipi. Tena wakijua ulikuwa nayo ukanyamaza, hata huo mkono wanaweza kukataa."

"Kwa hivyo inanikinga na maradhi nisiyokuwa nayo."

Rispah alicheka, kisha akaona haya. "Mathe, kila mtu husaini tu hivyo. Ubalozi wanataka karatasi, basi. Lakini hizo tembe na kadi ya kliniki usibebe. Wakizipata kwa begi, ni ushahidi."

"Niache dawa?"

"Si utapata zingine huko?"

"Nitamwambia daktari naumwa nini?"

Rispah alimsogezea kalamu. Mwanapili alihisi hasira ikimpanda, na hakuwa na wa kumtupia, maana msichana huyu hakuitunga bima. Walioitunga hawakuwa wajinga. Walijua vizuri kwamba watu wa umri wake wasio na presha ni wa kutafuta kwa tochi, na fedha za wote wakazichukua.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," aliiambia ile karatasi. Kisha akatia sahihi.

Viza bado, lakini jioni alianza kufungasha. Alitia mafuta ya nazi, pilipili manga ya uji, na mkaja wa kumfunga Zainabu tumbo, ule ule aliofungwa yeye alipomzaa. Vidonge alivitia, akavitoa. Akavificha ndani ya soksi, akawaza habari ya ushahidi, akavitoa tena. Mwishowe alivifungia ndani ya kopo la sukari, akalirudisha juu ya rafu.

Simu ikalia. Alikuwa Zainabu, akihema.

"Shikamoo mama. Bima umepata?"

"Marahaba. Nimepata."

"Alhamdulillahi! Mimi huku naogopa, mama, sikufichi. Njoo tu. Na wewe je, presha haikusumbui? U mzima lakini?"

Mwanapili alilitazama lile kopo.

"Alhamdulillahi," alisema. "Mzima."