Mstari wa Kazi katika Hati ya Ndoa

Kwa jina la Mola asiyemsahau kiumbe, ijapokuwa riziki huichelewesha akaipima subira, nasimulia.

Bwana harusi alikuwa Lamjed, mwenye miaka arobaini na mitatu na shahada ya uzamivu katika kemia. Bibi harusi alikuwa Rafika, mshonaji wa hapa Kairouan, aliyemngoja miaka kumi na mmoja. Babaye, Hajji Tahar, aliridhia hatimaye alipoambiwa na Mabrouk, mjomba wa bwana harusi, kwamba kijana amepata kazi ya kufundisha chuo kikuu. Nami ndimi niliyeitwa kuandika hati.

Sharbati ya lozi ilikwisha miminwa nilipofikia mstari wa kazi.

"Mhadhiri!" Mabrouk akadakia. "Kwa wino mzito, shekhe!"

Watu wakacheka. Lamjed hakucheka.

"Mjomba, basi."

"Nyamaza wewe! Umesoma mpaka umesahau kuishi."

"Shekhe, usiandike hivyo. Sifundishi popote. Mwaka wa tatu huu sisi wenye uzamivu tunakaa mbele ya lango la wizara kudai kazi. Msimu ukifika, nachuma zaituni."

Hajji Tahar akaweka glasi chini.

"Yaani mmenichezea shere, tena nyumbani kwangu?"

"Baba, mimi nilijua," akasema Rafika. "Bango lao nimelishona mimi."

"Ukanificha?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo!"

"Na mwakani ungekataa tena, baba. Nina thelathini na minane."

Sheria yetu ya Tunisia inampa mwanamke haki ya kujiozesha. Lakini nilimjua Rafika, asingetia saini bila radhi ya babaye. Nikaiweka kalamu juu ya karatasi, nikangoja.

Mzee akaitazama mikono ya Lamjed, iliyopasuka kwa baridi ya mashamba.

"Huko langoni mko wangapi?"

"Tulikuwa mia tatu, Hajji. Tumebaki sitini."

"Wengine wamepata kazi?"

"Wamechoka."

Hajji Tahar akashusha pumzi ndefu.

"Hata mimi nimechoka, mwanangu. Shekhe, andika mchuma zaituni. Mola mwenyewe ameiapia zaituni katika Kurani. Sisi ni nani tuionee haya?"

Nikaandika. Rafika akatia saini, Fatiha ikasomwa, wala hapakupigwa vigelegele.

Ewe Mwenye kufungua, watilie baraka wawili hawa. Na wale waliobaki langoni na elimu zao, wapunguzie baridi, uwahifadhie heshima, uwafungulie mlango ungali na faida kwao. Amina.