Mkono Uliotangulia Kuzeeka

Kucha za mkono wa kulia zilihitaji kulowekwa dakika ishirini kabla ya kukatwa, la sivyo zilivunja mkasi. Nyuki alijaza maji ya moto kwenye sinki la bafuni hotelini, akatumbukiza mkono, akasubiri. Ilikuwa saa moja asubuhi, siku ya robo fainali. Kila baada ya dakika chache aligusa mshipa wa kifundo kuona kama bado unapiga. Ulikuwa unapiga, ila ulikuwa umeanza tabia ya kuruka pigo moja, kama mtu anayepanda ngazi na kusimama kidogo kuvuta pumzi.

Nyuki alikuwa na miaka ishirini na sita. Mkono ulikuwa na themanini na moja.

Mambo yalianza alipokuwa na miaka minne. Baba yake alikuwa mtunza viwanja wa klabu ya tenisi. Alisawazisha udongo kwa brashi pana na kupaka mistari chokaa, na kwa miaka mingi alitazama watu wengine wakicheza vibaya juu ya kazi yake nzuri. Siku moja alikata mpini wa raketi kuukuu, akamkabidhi binti yake. Mipira mia tatu kabla ya shule, mia tatu baada ya shule. Mvua ikinyesha, walipiga ukutani, ndani ya stoo. Nyuki alipofikisha miaka tisa, mkono wake wa kulia ulikuwa wa mwanamke wa miaka ishirini, umejaa na una nguvu. Mama yake, ambaye alikuwa fundi cherehani, alianza kumshonea magauni yenye mikono miwili tofauti. Daktari wa shule aliandika kwenye kadi, “Mkono umetangulia,” akagonga muhuri.

“Si ndiyo vizuri?” baba aliuliza. “Wenzake watafika lini hapo?”

Wenzake hawakufika. Mpira wake ulivuma ukivuka wavu, na ndiyo maana watazamaji wakamwita Nyuki. Akiwa na kumi na nane alikuwa mchezaji wa kulipwa, na mkono ulikuwa na hamsini. Akiwa na ishirini na mbili, mkono uliota mvi. Waandaaji wa mashindano walipekua kanuni zao. Kanuni zilikataza wachezaji wenye umri wa chini sana; za uzee hazikusema kitu. Waliomba tu auvalie fulana ya mikono mirefu kwa ajili ya kamera.

Karani wa mashindano, mwanamke aliyelelewa vizuri, alimpokea kila asubuhi mezani pake.

“Mambo, Nyuki?”

“Poa, dada.”

Kisha karani aliugeukia mkono na kuinama kidogo. “Shikamoo.”

“Marahaba,” Nyuki aliujibia.

Robo fainali ilikwenda vizuri mpaka seti ya tatu. Walikuwa sare, michezo minne kwa minne, zamu ya Nyuki kuanzisha. Alirusha mpira juu. Mkono haukuufuata. Mpira ulishuka ukamgonga utosini. Mkono uliachia raketi, ukamvuta mpaka akachuchumaa, na kwa kidole cha shahada ukaanza kuchora kwenye udongo. Ulichora nyumba. Ukachora mlango. Ukachora jua, ukalitia macho, na baada ya kufikiri kidogo ukalitia meno.

“Onyo,” alisema refa kutoka kwenye kiti chake kirefu. “Kuchelewesha mchezo.”

Mpinzani wake alisubiri, mikono kiunoni. Nyuki alijaribu kuusihi mkono kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtoa bibi yake sokoni bila kumvunjia heshima. Mkono ulimalizia jino la mwisho, ukakubali. Wachezaji walipobadilishana upande, baba aliruka uzio wa watazamaji, akachukua brashi kwa mhudumu na kulifuta jua mwenyewe. Alilifuta vizuri. Palibaki kama hapajawahi kuguswa.

Nyuki alishinda mchezo huo, na uliofuata, akaingia nusu fainali. Jasho lilimtoka mpaka mgongoni, lakini la mkono lilikuwa limekauka.

Alimpigia mama simu.

“Jua lina meno?” mama aliuliza.

“Lina meno, mama. Na macho.”

Upande wa pili cherehani ilinyamaza.

“Ulikuwa unalichora hivyo kabla ya hiyo raketi,” mama alisema. “Ua mzima. Nikitoka na fagio nakuta majua yananikenulia, naruka nisiyakanyage. Wazee ndivyo walivyo, mwanangu. Ya jana wanasahau, ya utotoni wanakumbuka. Uleteni huo mkono nyumbani upumzike.”

Daktari wa mashindano alikuwa na maoni hayohayo, kwa maneno ya kidaktari. Aliupima mkono na kuugeuzageuza kwenye mwanga. Ukipumzishwa, alisema, utaishi miaka mitano, pengine sita. Utaweza kushika kikombe. Ukiendelea kucheza, asingeweza kuahidi hata wiki.

Baba alimshukuru, akafunga mlango wa chumba cha matibabu taratibu.

“Baba, umezeeka,” Nyuki alisema.

“Nani?”

“Mkono.”

“Na mimi nimezeeka, mbona nakuja uwanjani?” Alipiga magoti mbele yake, akaushika mkono kwa viganja vyake viwili na kuanza kuukanda kwa mafuta, kidole kimoja baada ya kingine, kama alivyoukanda kila siku kwa miaka ishirini na miwili. Macho yake yalikuwa mekundu. “Nusu fainali, mwanangu. Hatujawahi kufika hapa. Mechi moja tu, halafu tutaongea.”

Nyuki alitaka kusema hapana. Neno lilipofika kooni, lilikuta “sawa” imeshatoka.

Siku mbili zilizofuata hakula chakula cha kueleweka. Aliutembeza mkono kwenye kitambaa alichoufunga shingoni, akageuka kila mlango ulipofunguliwa kwa kishindo, asije mtu akaugonga. Siku ya nusu fainali, uwanjani, kila mapumziko, aliweka kidole gumba kwenye mshipa na kuhesabu. Pigo. Pigo. Kimya. Pigo. Watazamaji walidhani anaomba dua.

Alihitaji pointi moja. Alirusha mpira, na mkono ukapanda wote, bila kulalamika, ukapiga. Mpinzani hakuuona mpira huo, aliusikia tu. Uwanja mzima ulisimama. Mkono ulikaa juu kwa muda, kisha ukashuka, vidole vikiwa vimebana raketi. Nyuki alikwenda wavuni akampa mpinzani mkono wa kushoto. Akarudi kwenye benchi, akakaa, akatafuta mshipa. Alitafuta penye kifundo, akatafuta penye kiwiko, akarudi penye kifundo. Jukwaani baba alikuwa akirukaruka na kukumbatia watu asiowajua.

Mkono ulikatwa hospitalini siku hiyohiyo, salama. Ofisi ya vizazi na vifo ilitoa cheti: sababu ya kifo, uzee. Fainali haikuchezwa, aliyepewa kombe alileta maua. Seremala alipima sanduku jembamba, na mama akauosha mkono na kuushonea shuka. Mazishini baba alilia kuliko alivyomlilia mama yake mzazi, na watu walipanga foleni kumpa pole.

Miezi miwili nyumbani ilikuwa shwari. Nyuki alilala mchana. Alijifunza kufunga vifungo, kisha kuandika, na herufi zake zilipoacha kuyumba alianza barua kwa shangazi yake mwenye duka la vitabu, kumwomba kazi. Aliiandika mezani, chai ikiwa mbele yake. Baba alikuja kusimama nyuma ya kiti.

Aliandika “Shangazi mpendwa.” Aliandika kwamba anajua kupanga vitu. Alihisi pumzi ya baba utosini, na kalamu ikaanza kumteleza.

“Baba Nyuki,” mama alisema, “mwache mtoto aandike.”

“Si namtazama tu.”

Hakuwa akisoma barua. Alikuwa akitazama kifundo cha mkono kinavyozunguka kila mwisho wa neno. Aliinama, akaunyanyua ule mkono wa kushoto pamoja na kalamu yake, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha.

“Una miaka ishirini na sita tu,” alisema kwa upole. “Haujaguswa kabisa.”

Mama alikusanya vikombe, hata vilivyokuwa na chai, akavipeleka jikoni. Nyuki alisubiri mkono urudishwe. Haukurudishwa mara moja.

Jumatatu asubuhi uwanja ulikuwa umepigwa brashi na mistari ilikuwa mibichi. Baba alisimama upande wa pili wa wavu, akamwambia apige taratibu, hakuna haraka. Nyuki alipiga taratibu. Mpira ulivuka.

“Vizuri, mwanangu,” alisema baba. “Sasa kwa nguvu kidogo.”