Baridi ya Chumba cha Seva

Ramadhani ile iliangukia kwenye joto, na Mzee Hemedi, mlinzi wa kituo cha Ufukoni kinachotunza kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati za mwambao, akaanza kulala adhuhuri ndani ya chumba cha seva. Hapakuwa na mahali pengine penye baridi.

Fadhili, fundi wa kituo, alilijua hilo mapema. Ndani ya kila seva mlikuwa na kifaa kidogo cha usimamizi kilichomletea kwenye kompyuta yake, popote alipo, habari za joto, feni na umeme. Betri na mlango wa chumba navyo vilikuwa na vihisi vyao. Mlango ukifunguliwa, arifa inalia na saa inaandikwa.

"Hiyo kengele yako itanifukuzisha kazi, mwanangu," Hemedi alimwambia. "Mtu na swaumu yake akijinyoosha kidogo, inamuuma nani?"

"Haimuumi mtu, mzee. Inaandika tu."

"Basi isiandike mpaka Idi."

Fadhili akakizima kihisi cha mlango.

Siku ya moto alikuwa kijiji cha Mtawanya, akitengeneza mtandao wa zahanati, skrini yake ilipogeuka nyekundu. Betri za kabati la tatu zilikuwa zinapanda joto. Akazizima seva kutoka pale alipokaa, moja baada ya nyingine. Joto halikushuka. Likaja onyo la moshi, kisha lile aliloliogopa: gesi ya kuzimia moto ingefunguka baada ya dakika moja.

Gesi ile huua moto kwa kuifukuza hewa, na haichagui. King'ora kilikuwa kimeshaanza kulia chumbani, lakini mashine za kiwanda cha korosho zilikuwa zimemharibu Hemedi masikio tangu ujana wake. Fadhili akampigia simu. Ikaita mpaka ikakatika. Kwa kawaida mzee huiacha kibandani getini, kwenye chaji.

Skrini ilijua joto la kila betri. Kama mlango ulikuwa umefunguliwa, haikujua, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyeinyima kujua.

Akabonyeza kusitisha gesi.

Moto ukala kabati la tatu, ukahamia la pili, zilimokuwa nakala za akiba. Vihisi vikanyamaza kimoja kimoja.

Kikaoni, Bi Doris, meneja wa kituo, hakupandisha sauti.

"Ulisitisha gesi kwa nini?"

"Niliamini kuna mtu ndani."

"Mzee Hemedi, ulikuwemo?"

Hemedi alikohoa kwanza. "Nilikuwa getini, mama."

"Fadhili, ulimwona?"

Angeweza kueleza habari ya kikohozi kile, na ya kihisi. Lakini swali lilikuwa moja, na jibu lake lilikuwa moja.

"Sikumwona."

Akakabidhi funguo na nywila. Nje, mwanamke aliyesafiri kutoka kingo za Ruvuma alikuwa anaelezwa kwamba majibu ya vipimo vya mwanawe hayapo tena, na nakala hakuna.

Hemedi alimfungulia Fadhili geti.

"Usinichukie, mwanangu. Kazi hii ikinitoka, wajukuu watakula nini?"

"Ulitokaje?"

Mzee akaangalia ofisini kwanza. "Moshi ulinikaba nikaamka. Nikatambaa mpaka mlangoni."

"King'ora hukukisikia?"

"King'ora gani?"

Fadhili akahesabu kimoyomoyo. Gesi ingefunguka kabla moshi haujamfikia mtu aliyelala sakafuni. Akaitikia kwa kichwa, akatoka, na nyuma yake mzee akalirudishia geti.