Mchungaji Asubiri Kwanza

Shangazi alipoanza kuhema kama mtu aliyepanda ngazi za ghorofa nne, ukoo mzima uliojazana sebuleni ulimgeukia Sindano.

"We, kimbia ukamlete Mchungaji! Asije akafa hajatubu!"

Sindano ni fundi cherehani, na jina hilo alipewa kwa ajili ya kazi yake, na ulimi wake pia. Akatoka mbio. Mbio za hadi getini tu. Kona ya kwanza akapunguza mwendo, ya pili akawa anatembea kama bibi harusi.

Akimbie ili iweje? Miaka miwili nyuma mama yake alikata roho mchana kweupe, Mchungaji akiwa bado njiani. Siku ya mazishi, jeneza halijashushwa, Shangazi huyuhuyu alisimama mbele ya umati, mikono kiunoni: "Tusidanganyane. Wifi yangu amekufa bila kutubu. Hivi tunavyoongea, anaungua." Jamani! Sindano alilibana shada la maua mpaka waya ukamchoma kiganja. Tangu hapo akilala anaota moshi.

Leo zamu ya Shangazi. Na aende bila Mchungaji, tuone! Sindano akaingia dukani kuchagua vifungo. Akabishania rangi ya uzi asiouhitaji. Akainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa vizuri tu.

Mchungaji alikuwa kanisani, juu ya kiti, anabadilisha balbu.

"Shangazi anakufa," Sindano akasema, kama anayesema mvua itanyesha. "Ila naona tumeshachelewa. Ndiyo hivyo tena, moja kwa moja motoni."

"Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe. Si ndivyo alivyosema kuhusu mama?"

Mchungaji akashuka kwenye kiti. "Binti, yule mwizi pale msalabani aliletewa mchungaji gani? Alimgeukia Yesu tu, akaahidiwa kuingia peponi siku ileile. Mungu hanisubiri mimi nivae viatu. Pumzi ya mwisho ya mama yako, unajua aliitumia kusema nini? Mimi sijui. Na shangazi yako hajui."

Mama! Kumbe! Furaha ikampanda Sindano, mara ikakatika: mlango huohuo wa rehema si utampitisha na Shangazi? Hata Sindano akikawia njiani mwaka mzima!

Haya. Kama moto umeshindikana, kuna njia nyingine. Safari hii alitembea haraka, Mchungaji nyuma yake anahema.

Nyumbani akatangulia chumbani kwa mgonjwa, akafunga mlango, akauegemea.

"Yuko wapi?" Shangazi akanong'ona.

"Nyuma ya mlango huu. Na mama yangu yuko wapi?"

"Mwanangu, nisaidie..."

"Nimeuliza, mama yuko wapi? Ulisema mbele za watu. Yafute mbele za watu."

Mlango ukagongwa. "We mtoto una wazimu?" Huyo Baba Mdogo. "Fungua!"

"Bado!"

Shangazi akafumba macho. "Sijui aliko. Watu walimlilia sana siku ya mazishi. Nikajiuliza, mimi nani atanililia hivyo? Wivu ukanipanda."

"Sebuleni hawajasikia."

"Sindano..."

"Hawajasikia, Shangazi."

Mgonjwa akajiinua kwa viwiko, akakusanya pumzi zote alizobaki nazo. "Nilimsingizia wifi yangu! Mambo ya moto niliyatunga mimi!"

Sasa sebuleni wamesikia. Sindano akashika kitasa, utamu umemjaa mpaka kwenye meno.

"Nikifika huko," Shangazi akauliza, sauti imekuwa ya mtoto, "nitamkuta?"

"Utamkuta! Milele yote, Shangazi. Asubuhi yeye, mchana yeye, na hakuna pa kujificha."

Shangazi akatoa macho, akavuta shuka mpaka kidevuni.

Sindano akafungua mlango. "Karibu, Mchungaji. Mgonjwa wako moto haumtishi tena. Sasa anaogopa mbinguni."