Damu ya Mama Noah

Watu wa Longisa waseme watakavyo, wamezoea. Walisema ati nilikuwa nafinya watoto wangu wakilala. Mimi Chelimo, niliyebeba mimba zote tatu nikichuma majani chai na kikapu mgongoni!

Noah, kifungua mimba wangu, alizaliwa mzima, analia mpaka majirani wakacheka. Wa pili alitoka na madoa ya zambarau mwilini kama mtu aliyechapwa, akaishi siku chache tu. Wa tatu akaja na madoa hayo hayo. Mama mkwe wangu alijitahidi, hilo siwezi kumnyima. Alimpitisha mtoto kwenye njia ya fisi kama wazee walivyofanya, akamwita Chemaget, ili kifo kimwone ni mali ya fisi kimwache. Hakikumwacha. Ndipo akafunua blanketi mbele ya wanawake, akawaonyesha mbavu za mtoto wangu, akauliza ni mkono wa nani uliolala naye.

Kokwet ikakaa, ndio baraza la wazee wa kijiji chao. Wakaamua Noah abaki kwa baba yake, Johana, nami nirudi kwetu Boito, nisimkaribie mtoto tena. Alikuwa na miaka mitatu. Alinililia, nyanya yake akamziba macho. Tangu hapo nimekaa kwa kaka yangu nikichuma chai yake, na mtoto yeyote akiita mama huko barabarani moyo wangu unashtuka bure.

Miaka sita ikapita hivyo. Basi mwaka wa tisini na saba daktari mmoja, Otiende, akaja kwenye kituo chetu cha kupimia majani, yeye na muuguzi wake Nyanchama. Walitaka damu ya utafiti. Watu wakakimbia, wakasema hao ni waabudu shetani. Mimi nilikuwa naogopa nini tena? Nikatoa, nikapewa soda na mkate.

Walirudi wakinitafuta kwa jina. Daktari alikuwa na furaha kama mtu aliyepata ng'ombe wake aliyepotea. Alisema kwenye damu kuna chembe ndogo zinazoziba kidonda, na chembe za watu karibu wote zina protini fulani, lakini zangu hazina. Si ugonjwa, alisema, ila watu kama mimi ni wachache. Aliomba niwe natoa damu kila baada ya miezi michache, na nikiweza nimletee ndugu zangu nao wapimwe. Kisha akauliza, kwa upole tu, kama nimewahi kuzaa.

Nikamwambia yote. Nyanchama alianza kulia kabla daktari hajafungua mdomo. Damu yangu, akasema daktari, bado ina askari wanaopigana na ile protini. Watoto wangu waliirithi kwa baba yao. Askari wangu wakazimaliza chembe zao wakiwa bado tumboni, damu ikavuja chini ya ngozi, na hayo ndiyo madoa.

"Hukuwafinya, Mama Noah," akasema.

Hakuna mtu aliyekuwa akiniita hivyo tena. Nilikaa chini nikalia, nimekalia majani yangu mwenyewe, yakapondeka, karani akanifokea na sikujali. Halafu hasira ikanishika. Nikamwambia daktari damu yangu ataipata, hata akitaka debe zima, lakini kwanza aende Longisa ayaseme hayo mbele ya kokwet, nirudishiwe mtoto wangu.

Akakubali, tukaenda. Wazee walikaa kwenye nyasi nje ya boma la Johana. Mama mkwe aliletewa kiti, na Noah akasimama nyuma yake, miguu mirefu kama ya kaka yangu. Hakuniangalia. Daktari alieleza polepole, nami nikaona nyuso zinalegea. Johana aliinamisha kichwa. Mama mkwe akaanza kufuta macho kwa leso. Nikajua nimeshinda, na nilikuwa nimeshaanza kuwaza Noah atalala upande gani wa nyumba.

Mzee Kiplangat, msemaji wao, akauliza swali la haki kabisa: kama shida ni damu ya mama, mbona Noah alipona? Daktari akajibu ukweli, maana ndiyo kazi yake. Wa kwanza mara nyingi huponea, alisema. Damu yake ndiyo huingia kwa mama siku ya kuzaliwa, ikawafundisha wale askari kupigana, na wanaofuata ndio huumia.

Noah akatoka nyuma ya kiti.

"Kwa hivyo ni mimi?" akaniuliza. "Ni mimi niliua hao watoto?"

Daktari akasema hapana, si kosa la mtu, ni maumbile tu. Nami nikamwambia si wewe, ni damu. Akatikisa kichwa. Uso ule naujua, ndio nimeuvaa miaka hiyo yote, na sasa niliuona kwa mtoto wa miaka tisa. Maneno yetu hayakuwa yanamfikia. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na jamani, ule ulinikata vibaya kuliko yale makaburi mawili.

Na kwao, neno likishasemwa mbele ya kokwet halirudishwi. Ukikiri, umekiri. Nilijua hivyo kama kila mtu aliyekaa pale.

"Daktari hajui," nikasema. "Si wewe, Noah. Niliwafinya, kwa mikono yangu hii."

Mama mkwe akamvuta mtoto kifuani. Otiende akanishika mkono akinisihi nifute maneno hayo, nikamwambia akawashe gari. Noah alikuwa ananiangalia sasa, kwa mara ya kwanza siku hiyo, kwa chuki tupu ya mtoto, na mabega yake yalikuwa yametulia. Akaniambia niende nisirudi tena.

"Sawa, baba," nikamwambia, nikaenda.