Shali Juu ya Buti

"Zima, dada. Nimeisikia tangu kichochoroni."

Palwasha akajifanya kiziwi. Nyuma ya gunia la unga, pampu ya kunyonyea gesi iliendelea kunguruma, na hita ikawaka moto mrefu wa kupendeza. Mbele ya moto huo alilala mjukuu wake mchanga, amefungwa nguo kama mzigo wa safari.

"Mirwais, umekuja kunywa chai au kunipekua?"

"Nimetumwa na kampuni. Pampu zote za kichochoro hiki nang'oa leo." Mirwais alikuwa ameshashika spana. "Unavuta gesi ya watu, dada! Kule mwisho kwa Bibi Zarmina moto unazimika, halafu gesi inarudi bila moto. Ajuza yule atalala asiamke."

"Na Nazar je? Ana pampu mbili yule! Ukining'olea mimi, zake zitavuta mpaka pumzi zetu."

Hakuwa anasema uongo, dada wa watu. Kwa Nazar walikuwa wamemjibu Mirwais mlango ukiwa umefungwa kwamba hakuna mwanamume ndani, na nyumba isiyo na mwanamume fundi haingii.

"Upepo wa baridi wa Kandahar umeshaanza, mdogo wangu. Kifua cha mtoto kinakoroma. Hebu msikilize."

Akamsikiliza. Ole wake, alimsikiliza. Kisha akapiga moyo konde, akapeleka spana kwenye nati.

Palwasha akavua shali yake, akaitandaza juu ya buti za mdogo wake.

Basi tena. Mji mzima wa Kweta unajua: mwanamke akikuwekea shali miguuni, umekwisha. Ukiiokota na kumfunika, umemkubalia ombi. Ukiiacha chini, fedheha hiyo utazikwa nayo.

"Umenichinja, dada," alisema. Akaiokota, akamfunika kichwa, akatoka. Pampu ilibaki ikinguruma.

Mwisho wa kichochoro, Bibi Zarmina, mjane aliyemjua Mirwais tangu akinyonya, alikuwa amejikunyata mbele ya hita yenye moto wa ukubwa wa ukucha.

"Karibu, mwanangu. Gesi leo inanionea haya, haitaki kutoka."

Kabla Mirwais hajakaa, moto ukatikisika, ukafa. Alijua ni nani aliyeunyonya. Wakangoja, na punde hita ikaanza kutoa sauti nyembamba ya mluzi. Harufu ikajaa chumbani. Mirwais akafungua mlango, akakimbilia koki ya nje, akaikaza kwa spana mpaka rangi ikabanduka.

"Umenifanya nini tena?" bibi aliuliza aliporudi.

"Nimekufungia, bibi, mpaka baridi ipite. Nitakuletea mkaa."

"Mkaa uliniahidi hata mwaka jana."

"Afadhali baridi kuliko gesi. Baridi utaisikia ikija."

"Ninaisikia, mwanangu. Hiyo ndiyo shida yangu."

Mirwais alitaka kulia. Alitamani Palwasha angekuwepo asikie, kisha akakumbuka kifua cha yule mtoto, akaona hata hasira hana pa kuipeleka.

Bibi Zarmina akashika ukuta, akasimama. Akavua shali yake yenye viraka, nayo ilikuwa moja tu, na chini yake gauni jepesi. Akainama polepole, akaitandaza juu ya buti.

"Nifungulie."

Mikono ya Mirwais ilianza kushuka, ikasita njiani. Bibi alikuwa anatetemeka mabega wazi. Kijana wa watu alisimama pale, asithubutu kuinama wala kuondoa mguu, na upepo ulioingia chini ya mlango ukawa unaichezea ncha ya shali.