Mbavu za Mupole

Mzee Nehemiya alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kukiona kitu kilichopasuka akakiacha. Jerikeni, beseni, ndoo, maadamu kimetoboka, atakikodolea macho mpaka wampe. Upande ule wa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, wanakokaa Wakongomani, hapakuwa na mama ambaye hajawahi kusimama mbele ya jiko lake akingoja chombo chake kizibwe. Kisu chake kikuukuu hakikuwa na mpini. Alikitia kwenye makaa mpaka kiwe chekundu, akayeyusha nacho kipande cha plastiki, akakipaka juu ya ufa na kukisawazisha taratibu, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Jerikeni aliyoiziba Nehemiya haikuvuja tena. Hilo alilijua, na tusimfichie, alipenda na wengine walijue.

Mkewe, Viviane, alifariki mwaka uliopita, mvua zilipokuwa zinaanza. Ilikuwa presha. Hawakujaliwa mtoto. Nguo zake waligawana akina mama wa kanisa, na viatu vyake vikapata miguu mingine. Kilichobaki cha Viviane kilikuwa kobe mmoja, mgongo wa manjano wenye mabaka meusi, aliyemwokota majanini siku walipopewa kiwanja na kumwita Mupole. Alimlisha maganda ya papai na kumsimulia mambo ya Fizi, kwao Kongo, kwa Kibembe, hata yale asiyomwambia mumewe. Enzi hizo Nehemiya aliwacheka wote wawili. Baada ya mazishi ndiye aliyekaa na Mupole jioni, na asipomwona migombani, chakula hakikupita kooni. Alimwonea wivu kobe yule kwa kuyasikia ya Viviane ambayo yeye hakuyasikia, na alimpenda kwa sababu hiyo hiyo. Huyu akifa, alijiambia, Viviane atakuwa amekufa mara ya pili.

Sasa sikia balaa lilivyoingia. Ng'ombe wa wenyeji, wale wa pembe ndefu, walikuwa wakipelekwa ziwani kunywa maji, wakakata njia kupitia migomba ya Nehemiya. Mmoja alikanyaga asipotazama. Kwato moja tu, na mgongo wa Mupole ukapasuka upande wa kulia, kutoka ukingoni mpaka karibu na katikati. Damu ikachuruzika. Nehemiya alipiga ukelele uliomtoa jikoni jirani yake, Eliane.

"Baba Nehemiya, umupeleke kwa dokta wa banyama," Eliane alisema, mikono imejaa unga wa muhogo.

"Dokta wa nini? Hii ni nyumba yake. Nyumba ikipasuka, banaziba."

"Lakini inatoka damu. Bido ya maji haitokake damu."

"Damu ni ya mwenyewe, kule ndani. Mimi nitaziba nyumba tu."

Tusimcheke. Sote tuliambiwa tungali wadogo kwamba kobe hutembea na nyumba yake mgongoni, na hakuna aliyetuambia vinginevyo. Nehemiya aliliamini jambo hilo kifundi: kuna chombo, kuna kilichomo, na kati yao kuna nafasi. Usilolijua ni usiku wa kiza, na yeye aliingia kizani akiwa na kisu cha moto mkononi.

Aliufuta ufa kwa kitambaa. Akatafuta jerikeni kuukuu ya mafuta ya kupikia, ya manjano, ili rangi ilingane, maana alitaka Mupole apendeze. Kisha akayeyusha na kukandamiza, akayeyusha na kukandamiza. Mupole alivuta kichwa na miguu ndani, akatoa pumzi moja ndefu, akanyamaza.

"Unaona? Hata hashituke," Nehemiya alimwambia Eliane, na akaendelea na kazi huku akiimba kwa sauti ndogo pambio alilolipenda Viviane.

Kazi ilitoka safi. Watu walikuja kuitazama, wakapitisha vidole, wakasema huyu mzee ni fundi wa kweli. Eliane hakupitisha kidole. Alirudi kwenye muhogo wake.

Lakini Mupole hakula tena. Papai lilichacha mbele yake. Alianza kutembea upande upande, akatoa povu puani, na Nehemiya akajiambia ni majonzi, kwani hata yeye hakuwa akila vizuri. Ndipo siku moja alipoinama kumbeba akasikia harufu inatoka chini ya plastiki. Harufu ile aliijua. Kila aliyewahi kuuguza kidonda anaijua. Alimweka Mupole ndani ya beseni, akamfunika gunia, akapanda boda mpaka barabara ya lami, na saa sita ya mchana ilimkuta mjini Mbarara, upande wa Ruharo, kwenye chumba cha daktari wa mifugo alichoelekezwa.

Mle ndani palikuwa na mfugaji mmoja wa Bwizibwera aliyefuata dawa ya kupe. Alichungulia beseni, akacheka.

"Mzee, hiyo umeleta ya supu?"

"Ni ya bibi yangu," Nehemiya alijibu. "Alikufaka."

Mfugaji alivua kofia, akasogea kumpa nafasi kwenye benchi.

Daktari aliitwa Gorret. Babake alikuwa mwanajeshi, na Kiswahili alilelewa nacho kwenye kambi ya jeshi. Alimgeuza Mupole huku na huku, akanusa, akamsikiliza kifuani, kisha akajaribu kuibandua plastiki kwa koleo. Haikubanduka. Akajaribu tena, jasho likamtoka.

"Nani alifanya hii kazi?"

"Ni mimi."

"Imeshika sana," alisema, bila kejeli yoyote, na akaenda kuleta msumeno mdogo.

Maisha yake yote Nehemiya aliyangoja maneno hayo kutoka kwa watu, na siku hiyo yalimchoma. Plastiki ilipotoka, chini yake palikuwa pameoza. Gorret aliweka msumeno mezani. Akauchukua mkono wa mzee, akauweka juu ya mgongo wa Mupole, mahali palipokuwa pazima.

"Mzee, nakwambia polepole. Hapa katikati ni uti wake wa mgongo. Hii inashuka huku na huku ni mbavu. Zimeshikana zote, zimekuwa kitu moja. Hii ya rangi hapa juu ni kama kucha yako. Kobe hawezi toka ndani. Hakuna ndani ya kutoka. Hii yote ni yeye."

"Haiko nyumba?"

"Si nyumba. Na chini ya mbavu, hapa hapa, ni mapafu. Uchafu wa ng'ombe uliingia, wewe ukafunga mlango. Usaha umekosa njia, umekwenda chini."

"Kama ningekuja siku ile ile?"

"Tungeosha, tuweke dawa, tuache wazi. Mfupa inajiunga yenyewe, polepole. Pengine ingepona."

Kisha akasema lililobaki: Mupole anazama ndani ya kifua chake mwenyewe, na sindano ya kumaliza maisha yake bila maumivu ndiyo huruma pekee iliyopo. Nehemiya aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amekwama kwenye jambo jingine, na alilizunguka moyoni muda mrefu kabla hajalitamka.

"Dokta. Siku niliweka ile moto. Alisikia?"

Daktari angeweza kumdanganya. Alitazama dirishani, akamtazama mzee, akaona kwamba aliyeuliza hivyo ameshalijua jibu.

"Ilisikia, mzee. Hii mfupa iko hai. Hata ukiigusa na kidole, inajua."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Nehemiya, asiye na mtoto, alipewa yake pale pale mkononi. Aliikumbuka ile pumzi moja ndefu. Kobe hana sauti ya kulilia, na yeye alikuwa akiimba. Mzee alilia kwa sauti, kinywa wazi, kama ambavyo hakuwahi kulia hata makaburini, mpaka mfugaji wa Bwizibwera akainuka kwenye benchi asijue abaki au aondoke.

Gorret alipokuwa akivuta dawa kwenye sindano alimwambia anaweza kungoja nje.

"Hapana," Nehemiya alisema. Aliufuta uso kwa mkono wa shati, akainama mezani, akaanza kuupapasa mgongo wa Mupole upande ule mzima, kwa kiganja chote, taratibu. "Kama alisikia moto, na hii atasikia."

Sindano iliingia. Alimwomba radhi kwa Kibembe, kwanza Mupole, kisha Viviane, na kiganja chake kilikwenda na kurudi juu ya zile mbavu. Shingo ilitoka nje kidogo, ikalala juu ya meza. Gorret alisikiliza kifua mara ya mwisho, akavua kipimo masikioni.

"Basi, mzee. Imekwenda. Sasa haisikii tena."

Nehemiya aliendelea kupapasa.